Kalamu Kwanza, Spana Baadaye: Kudhibiti Ubora kwa Karatasi ya Grafu

Mwenye duka akirudisha mifuko mitatu ya unga akidai haijafika kilo, katika viwanda vingi vidogo mambo huenda hivi: msimamizi anakasirika, fundi anaitwa, spana inatoka, skrubu ya mashine ya kujaza inakazwa kidogo, kazi inaendelea. Kesho yake mifuko imekuwa mizito mno, skrubu inalegezwa. Hakuna aliyeandika kitu. Mwezi ukiisha hakuna awezaye kusema kama hali imepata nafuu au imeharibika zaidi, ila kila mtu ana lake: fundi analaumu unyevu wa mahindi, mpakiaji anasema mashine imechoka, mwenye mali anasema wafanyakazi ni wazembe. Huenda wote wana ukweli kidogo. Huenda hakuna hata mmoja.

Zana zinazoelezwa hapa zinahitaji kalamu ya risasi, rula, karatasi ya grafu na mizani inayosoma hadi gramu moja. Hesabu yake ni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mjapani Kaoru Ishikawa, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alizikusanya zikawa saba na kusema kuwa matatizo 95 kati ya 100 ya kiwandani yanaweza kutatuliwa kwa hizo. Inasemekana ile saba ilitokana na Benkei, shujaa wa hadithi za Japani aliyebeba silaha saba mgongoni. Hiyo 95 naichukulia kuwa kauli ya mwalimu anayetia watu moyo, kwa sababu sijui nani angeweza kuipima. Lakini mtu aliyewahi kuzitumia zana hizi kwa wiki chache huona kwamba mzee hakuwa mbali sana na kweli.

Tufuate mfano mmoja hadi mwisho. Kiwanda kidogo kinakoboa na kusaga mahindi, kisha kinafungasha sembe katika mifuko ya kilo moja. Kina mashine moja ya kujaza, sila mbili za kuziba mifuko kwa moto, na zamu mbili: ya asubuhi kuanzia saa 12 hadi saa 8 mchana, na ya jioni kuanzia hapo hadi saa 4 usiku. Namba zote za kiwanda hiki na bei zake nimezitunga ili hesabu ionekane. Badala yake weka zako.

Kabla ya karatasi, mizani

Namba zitokazo kwenye mizani mbovu ni mbovu hata zikichorwa kwa rangi nne. Chukua jiwe la mizani la kilo moja lililohakikiwa, liweke, lisome, liondoe, liweke tena, mara kumi. Masomo yakipishana kwa zaidi ya gramu moja au mbili, tafuta sababu kwanza: meza inayotikisika kila kinu kinapozunguka, feni inayopulizia sahani ya mizani, vumbi la unga chini ya sahani, betri iliyochoka. Pima pia mfuko mtupu. Kilo inayoandikwa kwenye mfuko ni ya unga peke yake. Mfuko mtupu ukiwa na gramu 10 nawe hukuziondoa, umeshamwibia mnunuzi gramu 10 bila kukusudia, na mkaguzi wa vipimo hatauliza ulikusudia nini.

Vijiti kwenye karatasi

Zana ya kwanza ni karatasi ya kuhesabia kasoro. Mistari ya kulala ni aina za kasoro, ya kusimama ni saa au zamu. Kasoro ikitokea unapiga kijiti. Kijiti cha tano kinakatiza vinne. Basi. Kinachoshinda watu ni mambo madogo yanayoizunguka karatasi hiyo. Ibandike pale pale kasoro inapoonekana, pembeni ya sila. Ikikaa ofisini itajazwa saa ya kufunga kazi, kwa kukisia. Funga kalamu kwa uzi. Andika juu tarehe, zamu, namba ya bechi na mashine. Kasoro zipe majina yanayotumika humo kiwandani, si ya kitabuni. Ukiona safu ya “mengineyo” imejaa kuliko nyingine, basi majina uliyochagua hayatoshi, igawanye.

Jina la mfanyakazi lisiwe na safu yake, angalau mwanzoni. Karatasi ikitumika mara moja tu kumkata mtu mshahara, kuanzia siku hiyo itakuwa nzuri kupindukia na ya uongo mtupu. Nimeona wasimamizi wakijisifia karatasi safi zisizo na kijiti hata kimoja huku stoo imejaa mifuko iliyovuja.

Tuseme wiki imeisha na vijiti vimefika 160: mdomo kuzibwa vibaya 83, uzito pungufu 46, tarehe isiyosomeka 14, mfuko kutoboka 9, lebo kupinda 5, mengineyo 3. Panga kutoka kubwa kwenda ndogo, chora nguzo kwa mpangilio huo, kisha juu yake chora mstari unaojumlisha asilimia kadiri unavyokwenda kulia. Nguzo mbili za kwanza zina 129 kati ya 160, yaani takriban asilimia 81. Hii ndiyo chati ya Pareto, iliyopewa jina la mchumi Mwitaliano Vilfredo Pareto, ingawa aliyelichukua jina hilo na kulileta kwenye mambo ya ubora ni Mmarekani Joseph Juran. Manufaa yake ni kukuzuia usishughulikie kila kitu kwa wakati mmoja. Kiwanda chenye watu kumi na wawili hakiwezi kupigana vita sita.

Makala nyingi za namna hii huishia hapo, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa wingi wa vijiti si ukubwa wa hasara. Mfuko uliozibwa vibaya unafunguliwa, unga unarudi kwenye hopa, kinachopotea ni mfuko mtupu wa shilingi 120. Mara 83, ni shilingi 9,960. Uzito pungufu, mara 46 kwa hesabu ile ile, ni 5,520. Tarehe isiyosomeka inafutwa na kupigwa upya bila hasara ya kuhesabu. Mfuko uliotoboka stoo, unga umemwagika na wadudu wameingia, unapoteza unga wa shilingi 1,500 na mfuko wake: 1,620 mara 9 ni 14,580. Ghafla kasoro ya nne kwa wingi ni ya kwanza kwa hasara. Halafu kuna ile isiyohesabika kwa shilingi 120, yaani mfuko pungufu uliopenya ukafika dukani, ambao unaweza kukuletea faini na kukupotezea wateja. Kwa hiyo chora chati mbili, ya idadi na ya fedha, kisha ukae na wenzako muamue. Mimi ningeanza na uzito, nikampa mtu wa stoo kazi ya kutafuta msumari au ubao unaotoboa mifuko. Hilo la pili huenda likaisha siku hiyo hiyo.

Kutenganisha, zana isiyo na mchoro wake

Mdomo kuzibwa vibaya, 83. Kwa pamoja namba hii haisemi kitu. Itenganishe kwa sila na zamu: sila ya kwanza asubuhi 11, jioni 11, sila ya pili asubuhi 14, jioni 47. Ikiwa kila sila hupitisha mifuko karibu sawa kila zamu (hakikisha, la sivyo unalinganisha visivyolingana), basi tatizo si la sila zote wala la wafanyakazi wote wa jioni. Liko kwenye kisanduku kimoja kati ya vinne. Yule aliyekuwa anataka kuwapa onyo watu wa jioni ameokolewa na hesabu ya mtoto wa darasa la tatu.

Katika zana zote saba, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi, labda kwa sababu haina mchoro wa kubandika ukutani. Kutenganisha lazima kufikiriwe kabla ya kupiga kijiti cha kwanza. Ikiwa karatasi haikuandika sila ipi, hakuna ujuzi wa hesabu utakaoirudisha taarifa hiyo baadaye.

Mfupa wa samaki

Sasa tunajua wapi, hatujui kwa nini. Chora mstari mrefu, kichwani andika tatizo kwa ufupi na kwa namba: “Sila ya pili, jioni, mifuko 47 haikuzibika.” Kutoka kwenye uti wa mgongo chora mifupa sita: watu, mashine, malighafi, njia ya kufanya kazi, vipimo, mazingira. Kila anayehusika ataje sababu anayoidhania, iandikwe kwenye mfupa wake, kisha iulizwe “kwa nini” tena na tena hadi jibu liwe kitu unachoweza kukishika. Ishikawa aliutumia mchoro huu kwa mara ya kwanza mwaka 1943 alipokuwa akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha Kawasaki jinsi sababu nyingi zinavyoungana kuzaa tatizo moja.

Wenye kukaa na mashine kutwa waanze kusema, na mwenye mali awe wa mwisho. Akianza yeye, wengine watakubaliana naye, heshima ikiwa ndiyo sababu. Akisubiri, huenda akasikia jambo kama hili:

“Bosi, hiyo ya pili kuanzia saa moja usiku moto wake unapungua. Tunaziba mara mbilimbili.”

“Mlishamwambia fundi?”

“Tulimwambia, akasema sila ni nzima. Na kweli, asubuhi ni nzima.”

Sila ya pili iko pembeni, inapata umeme kwa waya mrefu mwembamba wa ekstensheni. Jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na majiko, umeme unashuka, na waya huo unaushusha zaidi. Hadithi hii inaingia akilini, lakini bado ni dhana. Mfupa wa samaki ni orodha ya washukiwa, hukumu haimo. Watu hujadiliana kwa nusu saa, huipigia kura sababu iliyopendwa zaidi, kisha hununua mashine mpya kwa kura hiyo. Badala yake, kila mfupa unaoonekana una uzito uandikiwe jaribio. Hapa jaribio halina gharama: badilishaneni mahali pa sila hizo mbili kwa jioni mbili. Vijiti vikihama na sila, mbovu ni sila. Vikibaki pembeni pale pale, tafuta fundi umeme.

Wastani unaodanganya

Turudi kwenye uzito. Pima mifuko 50 iliyochukuliwa siku nzima, si yote ya saa moja. Gawa masomo katika makundi ya gramu tano tano, hesabu mifuko mingapi iko katika kila kundi, chora nguzo. Hiyo ni histogramu. Tuseme yametoka hivi: gramu 990 hadi 994, mifuko 2, 995 hadi 999, mifuko 5, 1000 hadi 1004, mifuko 11, 1005 hadi 1009, mifuko 14, 1010 hadi 1014, mifuko 10, 1015 hadi 1019, mifuko 6, 1020 hadi 1024, mifuko 2.

Wastani wake ni kama gramu 1007. Msimamizi anayetazama wastani tu atalala usingizi, na mwenye mali atalalamika kuwa anagawa gramu 7 za bure kila mfuko. Akifungasha mifuko 3,000 kwa siku, hizo ni kilo 21. Lakini mifuko 7 kati ya 50 iko chini ya kilo. Kiwanda kinampa mnunuzi mmoja unga wa bure na kumpunja mwingine siku ile ile. Ukilegeza skrubu ili uokoe zile kilo 21, waliopunjwa wanaongezeka. Ukiikaza, hasara yako inakua. Tatizo ni upana wa mlima wa nguzo hizi, wala si mahali ulipokaa. Mtawanyo huo ukipunguzwa nusu, kwa wastani ule ule wa 1007, mifuko iliyo chini ya kilo itashuka hadi kama 2 katika 100, na hapo ndipo unapoweza kuanza kuushusha wastani kwa uangalifu.

Sheria nayo huangalia yote mawili. Mapendekezo ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, yanataka wastani wa bechi usipungue uzito ulioandikwa, na kwa mfuko wa kilo moja yanaruhusu upungufu wa hadi gramu 15 kwa mfuko mmoja mmoja, na ni mifuko michache tu ya bechi inayoweza kuzidi hapo. Kanuni inayotumika kwako waulize Wakala wa Vipimo ukiwa Tanzania, au idara ya mizani na vipimo ukiwa Kenya.

Umbo la histogramu linasimulia mengi kwa aliyezoea kulitazama. Vilima viwili vyenye bonde katikati huashiria kwamba umechanganya vitu viwili: zamu mbili, mashine mbili, mahindi ya aina mbili. Rudi ukatenganishe. Nguzo zinazokatika ghafla kwenye 1000, kushoto kukiwa kutupu, zinamaanisha ama kuna mtu anapanga mifuko kabla ya kukufikia, ama anayeandika akiona 998 anaandika 1000. Na daftari ambalo namba zote zinaishia na 0 au 5 limeandikwa na mtu aliyekadiria kwa jicho. Mwongoze kwa upole. Mara nyingi hakuna aliyemweleza kuwa gramu mbili zina maana.

Nukta mbili mbili

Kwa nini mlima ni mpana? Mpakiaji anadhani hopa ikikaribia kuisha uzito hupungua. Katika mashine inayojaza kwa kuzungusha parafujo hilo ni jambo la kutegemewa, kwa kuwa unga mwingi juu hukandamiza ule wa chini na kila mzunguko hubeba zaidi. Usibishane naye. Tumbukiza kijiti kilichotiwa alama za sentimita ndani ya hopa, andika kina, pima mfuko unaotoka wakati huo huo. Fanya hivyo mara 30 au zaidi, hopa ikiwa imejaa, nusu, na karibu tupu. Kina kwenye mstari wa kulala, uzito kwenye wa kusimama, nukta moja kwa kila jozi. Wingu la nukta likipanda kutoka kushoto kwenda kulia, dhana ina nguvu. Likitawanyika bila mwelekeo, achana nayo.

Tahadhari ni moja, ila ni kubwa. Ikiwa hopa hupungua mwishoni mwa zamu, basi wakati huo mtu naye amechoka, mashine imepata joto na umeme umeshuka. Nukta zitapanga mstari mzuri hata kama sababu ni mojawapo ya hayo mengine. Kwa hiyo iache hopa ipungue asubuhi na mapema siku moja, uone.

Chati ya udhibiti, na sababu ya kuacha mashine

Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, watengenezaji wa vifaa vya simu huko Marekani, alimpelekea mkuu wake waraka wa karibu ukurasa mmoja wenye mchoro mdogo. Mchoro huo ndio babu wa chati zote za udhibiti. Wazo lake: hakuna mashine inayotoa vitu viwili sawa kabisa, kwa hiyo swali la maana si “kwa nini huu ni tofauti na ule?” bali “je, tofauti hii ni ile ya kila siku, au kuna jambo limetokea?”

Kila saa chukua mifuko 5 iliyofuatana. Mfano: 1004, 1011, 1002, 1009, 1014. Jumla 5,040, wastani 1008. Toa ndogo kwenye kubwa: 1014 kutoa 1002 ni 12. Wastani unawekwa nukta kwenye chati ya juu, tofauti kwenye chati ya chini, zote zikifuata saa kwa saa kutoka kushoto kwenda kulia. Histogramu haijui saa. Hii inaijua, na ndiyo nguvu yake.

Ukishapata makundi 25, tafuta wastani wa zile wastani zote, na wastani wa tofauti zote. Tuseme ni 1007 na 12. Zidisha 12 kwa 0.577, unapata 6.9. Mpaka wa juu ni 1013.9, wa chini 1000.1. Kwa chati ya tofauti, zidisha 12 kwa 2.114: mpaka wa juu ni 25.4, wa chini ni sifuri. Namba hizo mbili ni za makundi ya mifuko 5 pekee. Ukichukua minne tumia 0.729 na 2.282. Chora mistari, ya kati kwa wino mzito, ya mipaka kwa vistari. Kama katika makundi 25 kuna nukta iliyotoka nje na sababu yake unaijua, iondoe na upige hesabu upya.

Mipaka hii imetoka kwenye mashine yako. Si ya sheria, si ya mteja, si ya matamanio ya bosi. Mashine inaweza kukaa ndani ya mipaka yake kwa utulivu kabisa na bado ikawa inatoa mifuko pungufu kila siku, kama histogramu ilivyoonyesha. Chati inasema kama mashine ina tabia moja. Kama tabia hiyo inakufaa ni swali jingine.

Simama uchunguze nukta ikitoka nje ya mpaka. Mashine iliyotulia hutoa nukta ya namna hiyo kwa bahati mbaya kama mara 3 katika 1,000 tu. Simama pia nukta 8 mfululizo zikiwa upande mmoja wa mstari wa kati, hata kama hakuna iliyotoka nje: ni kama kurusha sarafu mara 8 na kupata upande ule ule, jambo linalotokea mara 1 katika 128. Nukta 6 zinazopanda au kushuka bila kurudi nyuma nazo zinasema kitu kinachakaa au kinajaa. Andika pembeni ya nukta ulichokikuta: “hopa karibu tupu”, “gunia jipya la mahindi”, “umeme ulikatika”. Chati isiyo na maandishi pembeni ni nusu ya chati.

Na nukta zikicheza ndani ya mipaka bila mpangilio wowote, usiiguse skrubu. Hili ni gumu kwa fundi mwenye bidii. Mmarekani W. Edwards Deming, aliyewafundisha Wajapani mambo haya kuanzia 1950, alilionyesha kwa faneli na gololi. Faneli inatundikwa juu ya alama, gololi zinadondoshwa moja moja, na kila moja inatua kando kidogo. Ukiiacha faneli ilipo, gololi zinakusanyika kuizunguka alama. Ukiisogeza kila mara kufidia kosa la gololi iliyopita, mtawanyo unaongezeka kwa takriban asilimia 41. Skrubu inayozungushwa baada ya kila mfuko mwepesi inafanya kazi hiyo hiyo: fundi anatengeneza tofauti alizokuja kuziondoa.

Chati mbili pia zinagawa kazi. Katika kiwanda chetu, tofauti ndani ya mifuko 5 iko thabiti kwenye gramu 12, lakini wastani zinatangatanga saa kwa saa, na zile zinazoanguka chini zimeandikwa “hopa karibu tupu”. Basi piga mstari wa rangi ndani ya hopa na uagize isishuke chini yake kamwe. Chati ya juu itatulia, na utakuwa umetumia kopo dogo la rangi. Zile gramu 12 zitabaki, kwa kuwa hopa haikuwa sababu yake; hizo ni za mashine yenyewe, labda parafujo iliyolika au mlango usiofunga sawasawa. Hapo sasa spana ina kazi halali, na mwenye mali ana namba za kumwonyesha fundi kabla hajakubali bei ya kipuri. Baada ya mabadiliko yoyote ya namna hiyo, mipaka ya zamani haifai tena. Kusanya makundi mapya na uhesabu upya.

Mahali zana hizi zinapokoma

Usizitegemee kwa kila hatari. Sumukuvu, yaani aflatoksini, ndiyo mfano unaouma zaidi kwa wasagaji wa ukanda wetu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu maikrogramu 10 za jumla ya aflatoksini kwa kilo, na 5 za aina ya B1. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Sumu hii haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa na nyingi sana, jirani zake zikiwa safi, kwa hiyo wastani wa vipimo vichache unafariji bila haki. Jicho haliioni, mizani haiijui. Inahitaji sampuli nyingi zilizochanganywa vizuri na kipimo cha maabara, na kabla ya hapo ukaushaji na upangaji wa mahindi. Chati yako inaweza kufuatilia unyevu wa kila gunia linaloingia, na hilo ni jambo kubwa, lakini unyevu mdogo leo hausemi kama mahindi yalilala kwenye maji mwezi uliopita.

Vivyo hivyo kasoro adimu mno, ya mfuko mmoja katika elfu kumi, haitaonekana kwenye mifuko 5 ya kila saa.

Kuhusu kompyuta: programu ya kawaida ya majedwali itachora haya yote kwa dakika chache, na kiwanda kikikua itafaa. Kwa miezi ya mwanzo ningesisitiza kalamu ya risasi, na aliyepima ndiye aweke nukta, papo hapo. Anayeiona nukta ya saba upande mmoja atainua kichwa kabla ya ya nane. Karani anayeingiza namba jioni ataigundua siku mifuko imeshapakiwa kwenye lori. Karatasi zilizojaa zipangwe kwa namba ya bechi, zitunzwe angalau hadi unga huo upite tarehe yake ya mwisho wa matumizi, mahali ambapo msimamizi wa zamu anaweza kuzifikia bila kuomba ufunguo.